Mtoto Aliyezaliwa Kinuni

Mwaka 1977 Idi alikuja Jeddah kwa likizo akiwa na feni ya mezani begani. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na tatu, na huko Riyadh aliendesha katapila kwenye ujenzi wa barabara. Miaka ile kazi hiyo ilikuwa haimaliziki, maana pesa za mafuta ziliubomoa mji na kuujenga upya kila kukicha. Mama yake, Bi Mwatime, na mdogo wake, Saleha, waliishi mtaa wa Ghulail, katika chumba na ukumbi juu ya duka la Mhadhrami mmoja aliyeuza viungo. Walikuwa Wazanzibari waliotoka kwao baada ya mapinduzi ya 1964. Baba hawakuwa naye. Kilichompata baba hakikuzungumzwa ndani ya nyumba ile, na watoto walishazoea kutouliza.

Wakati wa chakula cha mchana Idi akamgeukia mdogo wake.

"Saleha, yule Mturuki wako anayekufundisha kushona, kwao wapi hasa?"

"Si Mturuki. Watu ndio wanaomwita hivyo. Mwenyewe anasema yeye ni Arnauti, kwao Albania. Aliolewa Sham, huko Syria, ndiko alikotokea kuja hapa."

"Baba yake anaitwa nani?"

"Suleiman. Kwani kuna nini?"

Idi akaacha kula. Akaeleza kwamba injinia wao kule Riyadh, Mtaliana mmoja jina lake Bruno Kalderoni, alikuwa na ada ya kumuuliza kila mfanyakazi anayetokea Jeddah kama anamjua mwanamke Mualbania, fundi cherehani, Hatija binti Suleiman, ambaye baba yake alikuwa na kinu cha kusagia nafaka.

"Tulikuwa tunamcheka," alisema Idi. "Tukidhani anataka mtu wa kumshonea mapazia. Juzi nilipokwenda kumuaga akaniuliza na mimi. Nikamwambia mdogo wangu anashona kwa Mturuki, lakini sina hakika. Yule bwana alinishika mkono hapa, asiuachie."

"Anamtakia nini?"

"Anasema mama yake yeye alijuana na huyo Hatija wakati wa vita. Zaidi ya hapo hakusema."

Saleha alikuwa na miaka kumi na sita. Asubuhi alikwenda skuli, na baada ya sala ya alasiri aliteremka hadi kwa Bi Hatija, mtaa wa pili, chumba cha chini chenye cherehani mbili na meza ndefu ya kukatia. Pale zilishonwa nguo za maharusi. Mji ulikuwa umepata pesa na harusi zilikuwa nyingi, na Bi Hatija, mjane asiye na mtoto, alikuwa hapumziki. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mwembamba, mkali kwa mkasi uliowekwa vibaya, na mpole kwa mengine yote. Walizungumza Kiarabu, yeye kwa lafudhi yake na Saleha kwa yake.

Siku ile Saleha alimkuta akikata satini nyeupe. Akamsalimia, akatundika abaya yake msumarini, akasema, "Bi Hatija, kuna mtu Riyadh anakutafuta. Mtaliana. Anaitwa Bruno."

"Simjui Mtaliana yeyote."

"Anasema Hatija binti Suleiman wa kinuni. Bruno Kalderoni."

Bi Hatija akaweka mkasi chini. Kisha akakaa, na alikaa palepale juu ya satini ya bibi harusi, kitambaa ambacho hakuruhusu mtu hata kukigusa kabla hajanawa mikono.

"Kalderoni," alisema. "Ana umri gani?"

"Idi anasema ni mtu mzima. Thelathini na kitu."

"Thelathini na tatu," alisema Bi Hatija. "Funga mlango, binti yangu. Leo hatushoni."

Akamsimulia, na Saleha alisikiliza akiwa amekaa sakafuni, mgongo umeegemea cherehani.

Alipokuwa msichana, alisema, waliishi na baba yake kwenye kinu cha maji huko milimani, Albania. Mama yake alikuwa ameshafariki. Ulikuwa wakati wa vita kuu, na Wajerumani walikuwa wameteka nchi moja baada ya nyingine. Huko Manastir, mji wa nchi jirani, Mayahudi walikusanywa wote kwa pamoja, wazee kwa watoto, wakapakiwa kwenye mabehewa ya ng'ombe na kupelekwa Polandi kuuawa. Waliopakiwa kwenye treni zile hawakurudi. Familia moja iliwahi kutoroka kabla ya siku hiyo, wakavuka milima kwa miguu. Walikuwa watu watatu: Isaka Kalderoni, aliyekuwa na duka la dawa, mkewe Rebeka, na binti yao Rashela, aliyelingana na Hatija kwa umri. Jioni moja baba yake Hatija aliwakuta kwenye ghala la kinu wamejibanza nyuma ya magunia. Hakuwauliza neno. Alikuja ndani akamwambia binti yake aongeze unga kwenye chungu.

"Hakukuuliza na wewe kama unataka?" Saleha alisema.

"Aniulize nini? Walikuwa wameshaingia ndani."

Waliwavika nguo za kijijini na kuwapa majina ya Kiislamu. Rashela alikuwa hodari, baada ya miezi michache akawa anasema Kialbania kama wao. Mama yake alijua kushona, na yeye ndiye aliyemfundisha Hatija kukata nguo bila ya kuichora kwanza. Shida ilikuwa Isaka. Ulimi wake ulikataa kabisa lugha ile, kwa hiyo wakatangaza kwamba ni bubu, binamu wa mbali kutoka upande wa kusini. Kijiji kizima kilijua kwamba si bubu na si binamu, na kijiji kizima kilinyamaza.

"Siku moja," alisema Bi Hatija, "alikuja mkusanya kodi kutoka mjini. Isaka alikuwa amebeba jiwe la kinu, likamponyoka likamwangukia mguuni. Alitukana kwa lugha yao, tusi refu, mbele ya yule mtu. Kinu kizima kimya. Baba yangu akainua mikono akasema, 'Alhamdulillahi, ndugu yangu amefunguka ulimi.' Yule mkusanya kodi akampa Isaka mkono, akampongeza."

Saleha akacheka. Bi Hatija naye alitabasamu, lakini tabasamu lilipita upesi.

Mwanzoni Waitaliano ndio waliokuwa wakitawala pale. Kisha wakaja Wajerumani wenyewe. Wakati wa baridi ya mwaka 1944 Rebeka alijifungua mtoto wa kiume, palepale kinuni, huku jiwe likisaga ili sauti yake isisikike barabarani. Wazazi wake walimwita Baruhu. Nje ya nyumba aliitwa Besimu.

Theluji ilikuwa haijayeyuka askari walipopanda mlimani kuwatafuta wapiganaji wa msituni. Habari ziliwatangulia kidogo tu. Akina Kalderoni walitakiwa kukimbilia kwenye mapango juu ya kijiji, pamoja na vijana wa pale waliokuwa wakitafutwa. Lakini mapangoni kichanga kingelia, na kilio kimoja kingewaua wote. Rebeka alisimama mlangoni na mtoto, hawezi kwenda, hawezi kubaki. Hatija akamchukua mtoto mikononi mwake, akamwambia, "Nenda."

Askari walipofika walipekua ghala, wakamwaga unga, wakachoma singe za bunduki zao kwenye majani makavu. Walikuwa na mkalimani, Mualbania wa mjini. Mkalimani akamtazama Hatija na mtoto. Nyumba ile haikuwa na mwanamke mwingine.

"Mtoto wa nani huyu?"

"Wangu," alisema Hatija.

"Mumeo yuko wapi?"

"Sina."

Baba yake alikuwa amesimamishwa ukutani, ameelekezewa bunduki kifuani. Aliinamisha kichwa, na yule mkalimani akadhani ni kwa aibu. Akawaambia Wajerumani jambo kwa lugha yao, wakacheka, wakatoka.

"Nilikuwa nimeposwa," alisema Bi Hatija. "Kijana wa kijiji cha bondeni. Yule mkalimani alikuwa anawafahamu watu wake. Kabla wiki haijatimia wakarudisha posa. Mama yake alikuja mwenyewe, akasimama uani, akasema maneno ambayo sitayarudia mbele yako. Baba akanambia, 'Nakwenda kuwaeleza ukweli.' Nikamwambia, 'Ukiwaeleza wao, kesho atajua na yule mkalimani.' Basi akanyamaza. Na mimi nikanyamaza."

"Hukulia?"

"Nililia. Usifikiri sikulia. Nilikuwa nampenda."

Maziwa ya Rebeka yalikauka huko mapangoni, na aliporudi ilibidi mtoto aendelee kunyweshwa ya mbuzi kwa kitambaa, kazi ambayo mikono ya Hatija ilikuwa imeshaizoea. Vita vilipokwisha akina Kalderoni walikwenda Italia. Haukupita muda mrefu mipaka ya Albania ikafungwa, na baba yake Hatija, aliyegombana na watawala wapya, akatoroka na binti yake hadi Sham. Ukweli ulikuja kujulikana kijijini, lakini yule kijana alikuwa ameshaoa. Hatija aliolewa huko Sham akiwa mkubwa, na fundi cherehani mwenye moyo mwema, wakaja pamoja Jeddah. Mtoto hawakujaaliwa. Tangu siku Rebeka alipopanda gari na mwanawe, Hatija hakusikia tena habari zao.

Saleha alipanda ngazi za nyumbani kwao akikimbia. Mama yake alikuwa akichambua mchele, Idi akiifunga feni mahali pake. Akawasimulia yote, maneno yakimtoka kwa haraka hata akawa anarudi nyuma kusahihisha. Alitarajia kaka yake afurahi. Idi aliiacha feni, akasimama.

"Yaani Bruno ni Yahudi."

"Ndiyo. Si nimekwambia."

"Basi mambo haya yaishe hapa, halas. Usimwambie mtu, na mie nitamwambia sikumpata mtu mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Kwa nini?" Idi alishusha sauti, kwa sababu ya Mhadhrami wa chini. "Saleha, huyu mtu kwenye fomu ya viza ameandika Mkristo. Ikijulikana, atarudishwa kwao, basi. Mie nitaulizwa nilijua tangu lini. Ikama yangu ya kukaa hapa iko mkononi mwa kafili. Ikama ya Mama je? Sisi tutarudishwa wapi? Na redioni kila siku tunasikia wanavyofanyiwa Wapalestina. Leo mie ndiye wa kuwapokea wao?"

"Alikuwa kichanga, Kaka."

"Sasa si kichanga."

Bi Mwatime aliweka sinia la mchele pembeni. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hata sasa alianza polepole, akiwatazama wanawe kwa zamu.

"Idi, unakumbuka magunia ya makaa?"

"Nakumbuka giza. Na vumbi la makaa puani. Nilikuwa na miaka kumi."

"Unakumbuka nyumba ya nani?"

"Nilidhani ni stoo yetu."

"Haikuwa yetu." Bi Mwatime akakunja mikono mapajani. "Ilikuwa stoo ya Asumpta. Mwanamke wa bara, Mkristo, jirani yetu Miembeni. Tulikuwa tukisalimiana tu, hatukuwa mashoga. Mumewe alikuwa miongoni mwa waliofanya mapinduzi, wewe elewa hilo. Siku ile baba yenu alikuwa dukani. Walimchukua hukohuko, na mie habari nilizipata kwa Asumpta. Aliingia kwangu kwa mlango wa uani, akambeba Saleha, akanambia, 'Mama Idi, twende.' Akatuweka nyuma ya magunia ya makaa."

Saleha akasogea karibu na mama yake. Hajawahi kusikia hata neno moja la hayo.

"Wakaja watu na mapanga. Nilimsikia. Amekaa mlangoni anamenya muhogo, hakuinuka. Akawaambia, 'Ingieni mkitaka, lakini mwanangu ana surua, na ninyi mna watoto majumbani.' Wakasimama. Wakaulizana. Wakaondoka. Na ilikuwa kweli, mtoto wake alikuwa na surua. Ndiko Saleha alikoipatia." Bi Mwatime alicheka kidogo, kicheko kilichowashangaza wote wawili, kisha akapangusa macho. "Mumewe alirudi jioni akatukuta. Nikajua tumekwisha. Yule bwana alitutazama, akatazama mkewe, akaenda kuoga. Alipotoka akauliza kama watoto wameshakula. Wiki iliyofuata yeye mwenyewe ndiye aliyetutafutia nafasi kwenye boti ya kwenda Mombasa."

"Mbona hukutwambia, Mama?" alisema Idi.

"Nilikuwa nikikaa kusimulia, baba yenu anakufa upya." Akalivuta tena sinia la mchele. "Habari za Palestina ni jambo jingine, mwanangu, na zinaniuma kama zinavyokuuma wewe. Mie sikuulizi habari za serikali. Nakuuliza habari za mtu anayemtafuta mwanamke aliyemnywesha maziwa. Mie ningejua aliko Asumpta, ningekwenda kwa magoti."

Adhana ya magharibi ikaanza. Idi alikwenda kutawadha, akasali, akakaa kwenye mswala kwa muda mrefu kuliko ada yake. Aliporudi akasema, "Yeye hawezi kuja huku. Kampuni yao haitoi ruhusa ya safari mpaka mwisho wa mwezi, na wakitoa wanauliza sana. Itabidi ninyi ndio mje. Bi Mashavu, yule wa kwetu anayetupikia, yuko Batha, palepale Riyadh, tutafikia kwake."

Ili kusafiri walihitaji karatasi ya kafili, mwenyeji aliyewadhamini kukaa nchini. Kafili wa Bi Mwatime alikuwa mzee mmoja wa Kijeddah, mwenye maduka ya vyombo, ambaye Bi Mwatime alimsimamia mapishi nyumbani kwake. Alimkuta barazani anakunywa chai. Akamwambia anataka kumsindikiza jirani yake mjane Riyadh, ana mtu wake huko hawajaonana tangu zamani.

"Mtu wake wa damu?" mzee aliuliza.

Bi Mwatime akafikiri. "Wa kulea, baba."

"Wa kulea ni wa damu," alisema mzee, na akatia sahihi karatasi zote mbili, ya Bi Mwatime na bintiye, na ya Bi Hatija, ambaye kafili wake alikuwa mpwa wa mzee huyohuyo.

Walisafiri kwa basi, Idi mbele na wanawake nyuma. Njia nzima Bi Hatija hakulala. Alikuwa amevaa koti jipya chini ya abaya, akawa anaulizauliza mambo madogomadogo: je, mtu wa miaka thelathini na tatu anakula keki ya basbusa, je, atakuwa anaelewa Kialbania hata kidogo. Bi Mwatime alimjibu kila swali kwa Kiarabu chake cha jikoni. Walipopita Taif na upepo wa mlimani ukaingia dirishani, wale wanawake wawili, ambao kwa miaka yote ya ujirani walikuwa wakisalimiana tu ngazini, walikuwa wakizungumza kama ndugu. Saleha alisinzia kati yao, akaamka, akawakuta bado wanazungumza.

Riyadh ilikuwa vumbi na kreni. Batha ilijaa watu wa kila nchi, wenye mabunda ya nguo, redio na sufuria, na makondakta wakiita majina ya miji. Bi Mashavu, Mzanzibari aliyekuwa akiwapikia vijana wa kwao, aliishi ghorofa ya pili nyuma ya soko la vitambaa. Alikuwa ametandika mikeka sebuleni, akawaachia nyumba na kwenda kwa jirani, bila kuuliza chochote.

Bruno alifika baada ya sala ya Ijumaa, ameongozana na Idi. Alikuwa mtu mrefu, kipara, amevaa shati lililopigwa pasi lakini limelowa jasho mgongoni, na mkononi alishika redio ya kaseti. Alisimama mlangoni, hajui kama aingie na viatu.

Bi Hatija akamtazama. Akamwambia Saleha kwa Kiarabu, "Ana kipara."

"Amesemaje?" Bruno alimuuliza Idi kwa Kiingereza.

"Anasema karibu," alisema Saleha haraka kwa Kiswahili, na Idi akafasiri hivyohivyo.

Yule mtu mzima akavua viatu, akaja mbele yake, akapiga magoti kwenye mkeka ili nyuso zao zilingane. Dada yake alikuwa amemfundisha sentensi moja ya Kialbania, naye aliisema vibaya, matamshi ya Kitaliano matupu.

"Mimi ni Besimu," alisema.

Bi Hatija alimshika kichwa kwa mikono miwili. Hakulia kwa sauti. Alikuwa akitaja jina lile mara kwa mara, na Bruno hakujitoa mikononi mwake. Idi aligeuka akatazama dirishani.

Mazungumzo yao yalisafiri kwa zamu. Bruno alisema kwa Kiingereza, Idi akageuza Kiswahili, Saleha, aliyeizoea lafudhi ya Bi Hatija, akageuza Kiarabu, na jibu likarudi kwa njia ileile. Wakati mwingine kicheko kilifika kwa Bruno wakati wengine wameshamaliza kucheka. Alieleza kwamba baba yake, Isaka, aliishi hadi uzeeni na duka lake la dawa huko Torino. Mama yake, Rebeka, alifariki miaka michache nyuma. Kila Ijumaa jioni akiwasha mishumaa yao ya ibada alikuwa akitaja jina la Hatija pamoja na majina ya watoto wake. Rashela alikuwa hai, mwalimu, mama wa mabinti. Ni yeye aliyepata habari kutoka kwa mfanyabiashara wa Sham kwamba binti Suleiman aliolewa na fundi wakahamia Jeddah. Kampuni ilipotafuta mainjinia wa kwenda Riyadh, Bruno alikuwa wa kwanza kunyanyua mkono. Hakujua kwamba kati ya miji hiyo miwili kuna jangwa la siku nzima.

Kisha akauliza jambo ambalo Idi alisita kulifasiri.

"Sema tu," alisema Bruno.

"Anasema," Idi alianza, "mama yake alimwambia ulikosa mume kwa sababu yake. Anauliza kama ni kweli."

Saleha alifasiri akiangalia mkeka. Bi Hatija akamtazama Bruno usoni.

"Mwambie ni kweli. Mwambie nilihuzunika kwa muda mrefu. Lakini mwambie pia kwamba wakati ule wote alikuwa anaota meno, na usiku halali mpaka nimtie kidole changu mdomoni. Mtu mwenye kazi hiyo hana nafasi ya kuhuzunika kutwa." Akaongeza, "Na yule kijana nilimwona tena kabla hatujatoroka. Alikuwa amenenepa sana."

Kicheko kilipita kutoka kwa Saleha hadi kwa Idi hadi kwa Bruno, naye Bruno alicheka huku machozi yakimtoka.

Ndipo akabonyeza redio ya kaseti. Sauti ya mwanamke ikajaza chumba. Alikuwa Rashela, anasema Kialbania alichojifunza akiwa msichana, kimeshika kutu, kila baada ya maneno machache anachomeka Kitaliano. Bi Hatija aliinama sikio likagusa redio. Alitikisa kichwa, akasahihisha neno, akajibu swali kana kwamba mwenzake yuko mle ndani. Saleha hakuelewa chochote, lakini alimwona fundi wake, yule mkali wa mikasi, akirudi kuwa msichana wa miaka kumi na saba. Mwisho wa kanda Bruno aliigeuza upande wa pili, akampa Bi Hatija kipaza sauti, akamwonyesha mahali pa kubonyeza. Aliongea mpaka ikaisha.

Walipokuwa wakinywa chai, Bruno alimtazama Bi Mwatime, aliyekaa pembeni kwa heshima.

"Idi amenambia habari zenu," alisema, na Idi akafasiri kwa mama yake. "Yule mama aliyewaficha, yuko wapi sasa?"

"Sijui," alisema Bi Mwatime.

"Mmemtafuta?"

Bi Mwatime akaweka kikombe chini. Miaka kumi na mitatu ilikuwa imepita. Alikuwa amemwombea dua Asumpta kila siku, lakini kumtafuta hakumtafuta, kwa kuwa kumtafuta kungekuwa kuirudia ile wiki.

"Bado," alisema.

Bruno alikaa Riyadh hadi mkataba wake ulipokwisha. Siri yake haikutoka kwa Idi wala kwa mtu mwingine yeyote aliyeijua. Kila alipopata ruhusa alikuja Jeddah, na watu wa Ghulail waliambiwa ni mtoto wa kulea wa Bi Hatija, jambo ambalo halikuwa uongo. Mwaka 1979 Bi Hatija alikwenda Torino kumwona Rashela na akakaa msimu mzima wa joto. Saleha, aliyekuwa amemaliza skuli, aliachiwa meza ya kukatia na cherehani zote mbili, akashona nguo za maharusi sita peke yake.

Na Bi Mwatime alianza kutafuta. Msimu wa hija, mahujaji wa Zanzibar walipofika Jeddah, alikwenda kwenye makazi yao na chupa ya kahawa, akakaa na wanawake, akauliza habari za Miembeni. Mwaka wa kwanza hakupata kitu. Mwaka wa pili mama mmoja muuza ubani alimwambia kwamba Asumpta alifiwa na mume akarudi kwao Tabora, na kwamba binti yake ni muuguzi katika hospitali ya huko. Saleha akamwandikia binti yule barua, jibu likaja, na Idi akalipa tiketi.

Bi Mwatime na Saleha waliteremka Dar es Salaam mwaka 1980, wakapanda treni ya bara. Ilipoanza kupunguza mwendo kuingia Tabora, Saleha alitoa kichwa dirishani akaanza kutazama nyuso za watu kwenye jukwaa, asijue hasa anamtafuta nani. Mama yake alijua. Kulikuwa na mwanamke mnene mwenye kitenge cha buluu, amesimama mbele ya watu wote, anawasogeza wapagazi kwa kiwiko ili aone vizuri.

"Shika mzigo," alisema Bi Mwatime, na akawa mlangoni kabla treni haijasimama sawasawa.